Emmanuel Ifeajuna: Kijana Aliyeruka kwa Kiatu Kimoja

Ndugu zetu wa Mbulu, mlioko nyumbani na mlioko ugenini,

Kila mwaka katika kijarida hiki tunaweka maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia. Safari hii harambee yetu inahusu uwanja wa michezo wa shule yetu ya sekondari, na hasa upande wa kuruka. Wapo watakaouliza kwa nini hatukuandika habari za mkimbiaji. Habari za mbio sisi hatuhitaji kusimuliwa. John Stephen Akhwari ni wa kwetu, na kila mtoto wa Mbulu amesikia jinsi alivyomaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bandeji. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati Karatu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, naye mwaka 1974 kule Christchurch alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia.

Upande wa kuruka juu ndiko tuliko wageni. Kwa hiyo tumemchagua mtu wa mbali, Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, miaka 20 kabla ya Bayi kuipata yake katika michezo hiyo hiyo.

Tuseme mapema kwamba maisha haya hayana mwisho mwema. Katika kamati tulijadiliana sana kama yanafaa kuwekwa katika kijarida cha kuomba michango. Tukakubaliana kwamba yanafaa, na sababu zetu mtaziona mbele.

Mtoto wa Onitsha

Ifeajuna alizaliwa mwaka 1935 Onitsha, mji wa biashara ulio kando ya Mto Niger, mashariki mwa Nigeria. Ni mji unaosifika kwa soko lake kubwa. Watu wake ni Waigbo, na Waigbo wana jambo moja ambalo sisi wa vyama vya maendeleo tunapaswa kulijua. Tangu enzi za ukoloni, Mwigbo aliyekwenda kutafuta maisha Lagos, Kano au Port Harcourt alijiunga huko na umoja wa watu wa mji wake. Kila mwezi walikutana, wakachanga, wakajenga shule na barabara nyumbani, na wakasomesha vijana wenye akili hata ng'ambo. Hiki tunachokifanya sisi leo wao walikifanya miaka mingi kabla yetu, kwa senti za makarani, mafundi na wachuuzi.

Katika jamii iliyothamini elimu kiasi hicho, kijana Emmanuel alisoma Dennis Memorial Grammar School, shule ya Kianglikana iliyofunguliwa mjini Onitsha mwaka 1925. Alikuwa mwepesi darasani na mwepesi zaidi uwanjani. Alikuwa pia mtu asiyekubali kunyamaza: mwaka 1951, akiwa na miaka kama 16, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliogoma mpaka shule ikafungwa kwa muhula mzima. Anayefuatilia maisha yake ataona kwamba moto ule haukuzimika.

Nigeria wakati huo ilikuwa tayari na sifa katika kuruka juu. Mwaka 1950, katika michezo ya Auckland, New Zealand, Josiah Majekodunmi alipata medali ya fedha. Vijana wa shule wakaona kwamba kumbe inawezekana.

Vancouver, 1954

Michezo iliyofuata ilifanyika Vancouver, Kanada, kuanzia Julai 30 mwaka 1954. Wakati huo iliitwa Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Wasomaji wetu wakumbuke hali ya Afrika mwezi huo. TANU ilikuwa na majuma matatu tu tangu kuundwa Dar es Salaam, Julai 7. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Nigeria ilikuwa koloni bado. Hata hivyo Kenya na Uganda zilipeleka wanariadha wao kwa mara ya kwanza, na Nyandika Maiyoro wa Kenya akashika nafasi ya nne katika maili tatu.

Ni vizuri kueleza kidogo mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tuliuona shuleni kwa kamba tu iliyofungwa kwenye miti miwili. Ufito mwembamba huwekwa juu ya milingoti miwili, bila kufungwa, hata ukiguswa kidogo unaanguka. Kila urefu mruka hupewa nafasi tatu. Akiuangusha mara tatu mfululizo, ametoka. Wanaobaki huongezewa urefu, mpaka abaki mmoja. Katika riadha ni mchezo wa ajabu, maana hata bingwa humaliza kwa kushindwa: akisharuka urefu uliomshinda kila mtu, huendelea kupandishiwa ufito mpaka naye umshinde au aamue kuacha.

Zama zile hapakuwa na godoro la kuangukia. Mtu aliruka akatua kwenye mchanga au maranda ya mbao, kwa hiyo ilimpasa atue vizuri, kwa miguu au kwa mguu na mikono. Kuruka kwa mgongo kama wanavyofanya wote leo kulikuja baadaye, na kukajulikana dunia nzima pale Dick Fosbury wa Marekani alipopata dhahabu kwa mita 2.24 katika Olimpiki ile ile ya Mexico aliyokimbia Akhwari wetu.

Kijana wa Onitsha, mwenye miaka kama 19, aliingia uwanjani akiwa amevaa kiatu mguu mmoja tu, wa kushoto. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Watazamaji wa Kanada walishangaa. Ufito ulipanda, wazungu wakatoka mmoja mmoja. Mwishoni waliobaki kugombania medali walikuwa Waafrika watatu: Ifeajuna, Mnigeria mwenzake Nafiu Osagie, na Patrick Etolo wa Uganda, jirani yetu hapa. Ifeajuna akavuka futi 6 na inchi 8, yaani mita 2.03, rekodi mpya ya michezo hiyo. Msomaji akitaka kupima, asimame mlangoni kwake: milango mingi ya nyumba zetu ina urefu karibu na huo. Etolo akachukua fedha, Osagie shaba.

Michezo ile dunia inaikumbuka kwa mbio za maili za Roger Bannister wa Uingereza na John Landy wa Australia, wote wawili chini ya dakika nne. Ni haki kuzikumbuka. Lakini sisi tunaona kwamba jukwaa la kuruka juu lilikuwa na uzito wake. Wakati ule Mwafrika alikuwa akiambiwa kwamba bado hajakomaa kujitawala. Na pale juu, mbele ya watu wa nchi zilizokuwa zikimtawala, walisimama vijana watatu weusi wa makoloni, na hapakuwa na mwingine kati yao.

Jina kwenye daftari

Nyumbani alipokelewa kama shujaa wa taifa. Picha yake ikiruka ufito ikachapwa kwenye majalada ya madaftari ya shule, na watoto wa Nigeria nzima wakawa wanaandika hesabu zao ndani ya daftari lenye Ifeajuna juu yake. Kwa mtu ambaye hajatimiza miaka 20, hiyo ni sifa nzito kuibeba.

Mwaka huo huo akaingia Chuo Kikuu cha Ibadan, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, akasoma sayansi. Hapo riadha yake kubwa ikaishia. Hakuonekana tena katika mashindano makubwa ya kimataifa, na Olimpiki ya 1956 ikapita bila yeye. Akili yake ilikuwa imehamia kwenye siasa za wanafunzi na mijadala ya nchi itakuwaje ikishapata uhuru. Miongoni mwa rafiki zake walikuwamo washairi Christopher Okigbo na J. P. Clark, ambao baadaye walipata jina kubwa katika fasihi ya Afrika.

Alipomaliza alifundisha kwa muda mfupi Abeokuta, akaoa, kisha mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Nigeria, akajiunga na jeshi. Msomi wa chuo kikuu kwenda jeshini lilikuwa jambo geni wakati ule. Wenye shahada ndani ya jeshi lile walikuwa wachache wa kuhesabika. Alipelekwa Aldershot, Uingereza, kufunzwa uafisa, na kufikia mwaka 1966 alikuwa Meja katika makao ya brigedi ya Lagos.

Jeshi hilo wazee wetu wanalifahamu. Baada ya askari wa Tanganyika kuasi Januari 1964, na Waingereza kuja kuyazima maasi hayo, ni kikosi cha Nigeria kilichokuja kushika ulinzi wakati jeshi jipya la wananchi likiundwa. Waziri Mkuu wa Nigeria aliyekubali kutusaidia alikuwa Sir Abubakar Tafawa Balewa. Jina hilo tulishike, maana linarudi sasa hivi.

Usiku wa Januari 15, 1966

Nigeria huru ilikuwa na matatizo yake. Chaguzi zilivurugwa, hasa ule wa Jimbo la Magharibi mwaka 1965, nyumba zikachomwa na watu wakauawa. Malalamiko ya rushwa yalikuwa kila mahali. Kikundi cha maafisa vijana, wengi wao mameja, kikaamua kuiangusha serikali. Kaskazini kiongozi wao alikuwa Meja Chukwuma Kaduna Nzeogwu. Lagos aliyeongoza ni Ifeajuna.

Januari 11 na 12 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa Lagos kwa mkutano wa suala la Rhodesia, wakiwa wageni wa Balewa. Siku tatu baadaye, usiku wa kuamkia Januari 15, mameja wakaanza kazi yao. Jioni ya kabla yake Brigedia Zakariya Maimalari, mkuu wa brigedi ya Ifeajuna, alikuwa amefanya sherehe nyumbani kwake, na maafisa kadhaa walioalikwa walikuwa tayari wanajua kitakachotokea alfajiri. Usiku ule ule Maimalari aliuawa, na anayetajwa kumpiga risasi ni Ifeajuna mwenyewe. Kaduna aliuawa Sir Ahmadu Bello, Waziri Mkuu wa Jimbo la Kaskazini. Ibadan aliuawa Samuel Akintola wa Jimbo la Magharibi. Ifeajuna na watu wake walimchukua Balewa nyumbani kwake pamoja na Waziri wa Fedha, Festus Okotie-Eboh. Siku chache baadaye maiti za wote wawili zilikutwa kando ya barabara nje ya Lagos. Namna hasa Balewa alivyokufa inabishaniwa mpaka leo; wako wanaosema risasi, wako wanaosema moyo ulisimama. Lakini alikufa mikononi mwa waliomteka.

Lagos mapinduzi yalishindwa. Meja Jenerali Johnson Aguiyi-Ironsi alikusanya askari watiifu, akashika nchi. Ifeajuna akakimbilia Ghana kwa Kwame Nkrumah, na huko akaandika mswada wa kueleza mapinduzi yale, ambao haukuchapishwa. Baada ya majuma machache akarudishwa Nigeria, akawekwa gerezani.

Yeye na wenzake walisema shabaha yao ilikuwa kuondoa rushwa. Lakini waliopoteza maisha usiku ule wengi walikuwa viongozi na maafisa wa Kaskazini na Magharibi, na waliopanga wengi walikuwa Waigbo. Wananchi wa kawaida waliifanya hesabu hiyo wenyewe. Julai 1966 askari wa Kaskazini wakalipiza, Ironsi akauawa, Yakubu Gowon akashika madaraka. Kisha Waigbo waliokuwa wakiishi Kaskazini, wale wale makarani, mafundi na wachuuzi waliokuwa wakichangia shule za kwao, wakauawa kwa maelfu, na waliosalia wakakimbilia Mashariki na walichoweza kubeba.

Mwisho wake

Mei 30, 1967 Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza Mashariki kuwa nchi ya Biafra. Julai vita vikaanza. Ifeajuna, aliyekwisha kufunguliwa, akawa upande wa Biafra. Agosti jeshi la Biafra chini ya Kanali Victor Banjo likavuka Mto Niger, likateka Jimbo la Kati Magharibi, likaelekea Lagos, kisha likasimama Ore na baadaye kurudi nyuma. Ifeajuna alikuwa pamoja na Banjo.

Waliporudi walikamatwa. Walishtakiwa kwamba wamekula njama ya kumwondoa Ojukwu na kupatana na serikali ya Lagos. Waliowatetea walisema nia yao ilikuwa kusimamisha vita kabla havijawamaliza watu. Mahakama ya kijeshi haikukubali. Mwishoni mwa Septemba 1967, mjini Enugu, Banjo, Ifeajuna, Philip Alale na Sam Agbam walipigwa risasi hadharani. Ifeajuna alikuwa na miaka kama 32. Aliacha mjane na watoto wawili wa kiume. Siku chache baadaye, Oktoba 4, Enugu yenyewe ikaanguka mikononi mwa jeshi la Nigeria.

Rafiki yake Okigbo alikufa vitani mwaka huo huo. Tanzania, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, kwa hoja kwamba watu waliouawa kwa wingi wana haki ya kutafuta usalama wao. Vita vilikwisha Januari 15, 1970, miaka minne kamili, siku kwa siku, tangu usiku ule wa mameja. Waliokufa, wengi wao watoto kwa njaa, wanakadiriwa kuwa milioni moja au zaidi.

Hesabu ya pande mbili

Baada ya hapo Nigeria ikaacha kulitaja jina la Ifeajuna. Kaskazini walimwona muuaji wa viongozi wao. Biafra ilikuwa imemhukumu kuwa msaliti. Madaftari yenye picha yake yalikwisha, na mengine hayakuchapwa. Mtoto wa shule leo anaweza kusoma habari za medali za taifa lake asikutane na mtu aliyeileta dhahabu ya kwanza.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunajua kwamba ukurasa una pande mbili, na upande mmoja haufuti mwingine. Mita 2.03 za Vancouver hazilipi roho ya Maimalari wala ya Balewa. Vivyo hivyo damu ya Januari 1966 haifanyi ufito wa 1954 uwe umeanguka. Anayetaka kumwadhimisha Ifeajuna kwa kuficha usiku ule anatudanganya, na anayetaka kumfuta kabisa anawadhulumu watoto wanaohitaji kujua kwamba Mwafrika alisimama pale juu. Ndiyo maana tumeandika yote mawili.

Lipo jingine, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Sifa ilimfikia kijana yule mapema mno, na baada ya sifa uwanja ukamwacha. Hakukuwa na kocha wa kumshika mkono kuelekea Olimpiki, wala mpango wa mtu mwenye kipaji afanye nini akisharudi na medali. Hatusemi kwamba angeendelea kuruka asingeingia kwenye mapinduzi. Hilo hakuna wa kulipima. Tunachosema ni kwamba jamii ikishangilia siku moja kisha ikaenda zake, imefanya nusu ya kazi. Nasi Mbulu tunajijua. Tuna vijana walioshinda mashindano ya shule ngazi ya mkoa, wakapigiwa vigelegele, na mwaka uliofuata wakawa wanachunga ng'ombe bila yeyote kuwauliza habari za mazoezi.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu ina mafungu matatu, na mchanganuo wake wote uko kurasa za nyuma, mstari kwa mstari. La kwanza ni milingoti, ufito na godoro la kuangukia. Godoro si anasa. Watoto wetu wanaona kwenye simu jinsi mabingwa wanavyoruka kwa mgongo, na wanajaribu vivyo hivyo kwenye udongo mkavu. Shingo ya mtoto haina bei. La pili ni viatu. Ifeajuna alishinda na kiatu kimoja, lakini hiyo si sababu ya sisi kumnyima mtoto cha pili. La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni mfuko wa kumfuata kila kijana anayeonyesha kipaji mpaka amalize kidato cha sita au chuo: karo, mwalimu wa mazoezi, na mtu mzima mmoja wa kumtembelea kila muhula na kuleta taarifa kwetu.

Rekodi ya dunia ya kuruka juu ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Kuba, tangu mwaka 1993. Hatumwahidi yeyote kwamba itavunjwa na mtoto wa Haydom, Daudi au Dongobesh. Tunachoahidi ni kwamba kila shilingi itaonekana kitabuni, na kwamba mtoto atakayeshinda kesho hatutamshangilia siku moja tukamwacha.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, vijana mlioanza kazi mwaka huu: fomu za ahadi zimebanwa katikati ya kijarida. Mwenye kikubwa alete, mwenye kidogo alete, haba na haba hujaza kibaba. Karibuni sana kwenye harambee.